Tuliishia Nusu na Theluthi

Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, na mimi nimebanwa siti ya nyuma ya Hiace inayotoka Pasua kwenda Moshi mjini. Nilikuwa nimelala kwa dada yangu. Konda, kijana mwembamba aliyegeuza kofia kisogoni, alikuwa akikusanya nauli huku akigongagonga sarafu kwenye bomba la mlangoni. Alipofika kwangu hakunyoosha mkono. Alinikazia macho kidogo, kisha akapaza sauti hadi dereva akageuka.

"Ticha wa Jumamosi!"

Miaka minane hakuna aliyeniita hivyo.

"Unanikumbuka, ticha?"

"Nakukumbuka bwana," nikasema. Uongo mtupu.

Akacheka. "Hunikumbuki wewe. Ila ile ya nusu na theluthi hujatujibu mpaka leo. Ulisema Jumamosi ijayo."

Gari zima likacheka. Mama mmoja aliyepakata ndoo ya maparachichi akaniuliza, kwa upole kabisa, "Jumamosi ipi hiyo, mwalimu?" Nikacheka nao, ningefanya nini. Nikashuka Mbuyuni, na nilipofika mlangoni pa ofisi ndipo nikagundua kwamba sikulipa nauli.

Wiki kadhaa sasa nimejaribu kuliacha lipite. Halipiti.

## Swali lenyewe

Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, hapa hapa Moshi, katibu wa klabu ya kujitolea. Kuanzia Machi, kila Jumamosi tulikuwa tunakwenda shule moja ya msingi upande wa Pasua kufundisha hesabu bure, darasa la nne na la tano kwa pamoja. Ulikuwa mwaka wa pili wa elimu bila ada, na mnakumbuka madarasa yalivyofurika. Siku za kawaida watoto walikaa wanne wanne kwenye dawati moja. Jumamosi walikuja sitini na kitu, tukaona ni wachache!

Siku ya sehemu nilibeba chapati. Nilijiona mbunifu sana. Moja nikaikata nusu, nyingine nikaikata vipande vitatu, nikaandika ubaoni 1/2 + 1/3 na kuuliza tukijumlisha tunapata nini.

"Mbili ya tanooo!"

Ndilo jibu ambalo kila anayefundisha sehemu analitegemea: kiasi kwa kiasi (namba za juu), asili kwa asili (za chini). Nilikuwa nimejiandaa kusema hapana, kwanza tutafute KDS, kigawe kidogo cha shirika. Kabla sijafungua mdomo, mtoto mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono.

"Ticha, mbili ya tano si ni ndogo kuliko nusu? Tumeongeza chapati, mbona imepungua?"

Mimi nimefundishwa takwimu na watu wenye udaktari wao, na sidhani kama darasani kwao niliwahi kusikia swali zuri kuliko lile. Mtoto hakujua kwamba jibu ni tano ya sita. Alijua tu kwamba mbili ya tano haiwezekani, na alijua kwa kuitazama chapati. Hesabu ni hiyo. KDS ni namna ya kuiandika.

Nikaangalia saa. Gari la chuo lilishapiga honi mara mbili.

"Swali zuri sana," nikasema. "Tutalijibu Jumamosi ijayo."

Tukapiga picha, tukagawa biskuti, tukaondoka. Jumamosi iliyofuata shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Juni, jambo ambalo katibu mzima wa klabu sikuwa nalo kichwani. Tukawaza, haidhuru, tutaonana zikifunguliwa. Zilipofunguliwa Julai sisi tulikuwa tumeshatawanyika baada ya UE, mitihani ya chuo. Mimi nilikuwa Babati, fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye SACCOS, najaza logibuku.

Novemba tuliporudi, klabu ilikuwa na uongozi mpya. Uongozi mpya ulipenda miti.

## Fulana

Juzi nilifungua barua pepe zangu za zamani nikatafuta ripoti tuliyoipeleka kwa mlezi wa klabu. Niliiandika mimi. Inasema watoto 63 "wamenufaika". Nimekaa na hilo neno kwa muda. Nililitoa wapi? Nilihesabu majina kwenye daftari la mahudhurio, nikaweka kitenzi mbele yake.

Hesabu ya fedha ipo pia. Tulichangisha shilingi 420,000 kwa wanafunzi wenzetu na walimu. Fulana 25, kila moja 12,000, jumla 300,000. Daftari, chaki na penseli 64,000. Biskuti 56,000.

Kwa lugha ya sehemu, tano ya saba ya sadaka tuliivaa.

Sisemi fulana ni dhambi. Zilitusaidia kuingia getini bila maswali, na zilitupa ari, hilo sikatai. Nilikuwa na yangu mpaka juzi juzi, imeandikwa mgongoni KUJITOLEA NI MOYO, dada yangu anafutia vumbi.

Kuna jambo jingine linaniuma zaidi. Mtu wa Moshi anajua mavolontia wa Kizungu. Tulikuwa tukikutana nao mjini, tukiwacheka: wanakuja wiki mbili, wanapaka rangi ukuta wa kituo cha watoto, wanapanda mlima, wanarudi kwao, na Juni nyingine wanakuja wenzao kupaka ukuta uleule. Sisi tulijiona tofauti. Tunajua Kiswahili, tunajua KDS, tunapanda Hiace.

Nimehesabu Jumamosi zetu kwenye lile daftari. Zilikuwa kumi na moja.

## Mtakuwepo Septemba?

Siku ya kwanza tulipokwenda kuomba ruhusa, mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akatuagizia soda. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kuuliza. Alisikiliza maelezo yetu yote, malengo makuu na malengo mahususi. Kisha akauliza swali moja.

"Mtakuwepo Septemba?"

Mwenyekiti wetu akajibu hapo hapo, "Tutakuwepo, mwalimu."

Nami nikaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyetazama kalenda. Nafikiri hakuna hata aliyejua kwa nini anauliza Septemba na si Agosti au Oktoba.

Sasa najua. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Upimaji wa darasa la nne unakuja mwishoni mwa Oktoba. Na chuo? Chuo kinamaliza mihula yake katikati ya mwaka, watu wanaingia UE, halafu fildi, halafu likizo, na masomo yanaanza tena mwaka unaelekea ukingoni. Kwa hiyo miezi ambayo mtoto anahitaji zaidi mtu wa kukaa naye ndiyo miezi ambayo mwanachuo hayupo mjini. Hili halikutokea mwaka ule tu kwa bahati mbaya. Linatokea kila mwaka, na mwalimu mkuu alikuwa ameshaliona mara nyingi kabla yetu. Lile swali lilikuwa mtihani, tukajibu tusilolijua kwa sauti ya mtu anayejua.

Watu wa damu salama wanaijua shida hii kuliko mtu yeyote. Kituo cha kanda ya kaskazini kipo hapa hapa Moshi, na wachangiaji wao wakubwa ni wanafunzi. Damu ikishatolewa haikai, siku 35 tu kwenye jokofu. Mwanaume anaruhusiwa kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Shule na vyuo vikifungwa, makusanyo yanashuka. Mama anayejifungua Agosti hana habari kama tuko likizo.

Lakini wao angalau wanajua kalenda inawapiga, na wanapanga. Sisi hatukuwahi kuiweka mezani. Tulikuwa na kamati ya chakula, kamati ya usafiri, kamati ya picha. Kamati ya Septemba hatukuwa nayo.

## Madam

Pale shuleni kulikuwa na mwalimu kijana ambaye watoto walimwita Madam tu. Jumamosi alikuwa akija kutufungulia darasa, kisha anakaa nyuma anasahihisha madaftari. Niliamini ni mwajiriwa. Siku moja, tukisubiri gari, akaisoma fulana yangu, akatabasamu.

"Kumbe na nyie mnajitolea."

"Na wewe?"

"Mimi mwaka wa pili huu."

Alikuwa amemaliza diploma ya ualimu, na mnajua mambo yalivyokuwa: Juni 2016 ajira serikalini zilisimamishwa, uhakiki wa vyeti, wafanyakazi hewa, kila mtu akaambiwa asubiri. Yeye akasubiri akiwa darasani. Vipindi vya hesabu na sayansi Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa posho iliyotokana na michango ya wazazi, mwezi ikikusanyika. Isipokusanyika, basi.

"Nyie mkimaliza mnapewa nini?" akaniuliza.

"Cheti. Unaweka kwenye CV."

"Mimi nasubiri barua."

Tulicheka wote wawili. Nikapanda gari. Wala sikuona, kwa miaka minane, kwamba pale palikuwa na watu wawili wanaotumia neno moja kwa kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Mimi nilikuwa natoa kilichonizidi, saa tatu za Jumamosi. Yeye alikuwa anatoa alichonacho, maana hakuwa na kingine cha kuonyesha kwamba ni mwalimu. Kiswahili chetu kimewaweka watu hawa chini ya mwavuli mmoja, na anayefaidika na mkanganyiko huo si Madam.

## Maji yanapita kwako

Babu yangu mzaa mama alikuwa na kihamba, shamba la nyumbani la Kichaga, huko Old Moshi. Kwenye mfereji wao ilikuwa hivi: mfereji ukizibika, mbiu inapigwa jioni, na asubuhi kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe. Msaragambo. Asiyefika anatozwa, zamani kwa pombe au hata mbuzi, na nilipokuwa mtoto kwa fedha. Hakuna hotuba, hakuna picha. Kuna mzee mmoja anayekumbuka nani hakuja, na huyo anatosha.

Likizo moja nikiwa chuoni nilimwambia babu kwamba na sisi tunafanya msaragambo, tunajitolea shuleni. Akanitazama.

"Kujitolea? Kwenye mfereji hakuna mtu anayejitolea. Maji yanapita kwako."

Wakati ule nilidhani ni uzee, haelewi mambo ya kisasa. Sasa naona alinielewa vizuri sana. Alikuwa ananiuliza maji ya Pasua yanapita wapi kwangu. Na ukweli ni kwamba hayakupita popote. Shule ile ikifaulu au ikifeli, mimi nilikuwa nakwenda kupata GPA yangu ileile. Na nilipoacha kwenda, hakuna mzee aliyeandika jina langu. Tunaowasaidia hawana uwezo wa kututoza faini. Wanaweza kushukuru tu.

Kuna wanaosema dawa ni kulazimisha, kila mwanachuo afanye saa kadhaa za huduma kwa jamii, zihesabiwe kwenye maksi. Hoja ya zamani hiyo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kukataa masharti ya JKT, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne. Hapo hapo akapunguza mishahara ya wakubwa, wa kwake mwenyewe ukakatwa asilimia 20. Baba yangu, aliyepita JKT kwa mujibu wa sheria, huwa anasimulia sehemu ya kwanza kwa ukali na ya pili kwa fahari, na tukimuuliza nani alikuwa na haki anabadilisha mada.

Mimi pia sina uhakika. Huduma ya lazima itajaza daftari la mahudhurio, hilo nakubali. Kuwaleta vijana Septemba ndiko sijui kama itaweza.

## Mchango

Katikati ya haya yote, wiki iliyopita, klabu yetu ya zamani ikaandika kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu. *Wakongwe wetu, shikamooni.* Wana safari ya kwenda kutoa huduma kwa jamii, wanaomba tuchangie fulana na bango.

Nilianza kuandika jibu refu. Nikalifuta. Ni ubaya ulioje mtu mzima kuwavunja moyo vijana kwa dhambi zake mwenyewe! Wangapi wa umri wao wanawaza hata kutoka nje ya geti? Na wale watoto 63, je, ingekuwa afadhali tusingekwenda kabisa? Hapa ndipo ninapokwama kila usiku. Nikisema afadhali tusingekwenda, yule mtoto wa nyuma asingeliuliza swali lile mbele ya watu. Nikisema ni heri tulikwenda, najisikia kama najipa tena cheti.

Mwishowe nikaandika mstari mmoja: *Fulana sitachangia, ila mkinieleza nani ataenda Septemba, nauli yake naitoa mimi, Septemba yote.*

Tiki mbili za bluu. Bado hawajajibu.

## Stendi

Nilimtafuta yule konda. Mara mbili nilipanda Hiace za Pasua bila safari, nikakuta makonda wengine. Jumamosi iliyopita nikamkuta stendi, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, chai mkononi na andazi gotini. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi, na kwenye begi, mtaniona mpuuzi, nilikuwa na karatasi niliyochora chapati mbili zilizokatwa vipande sita sita.

Sikufika kwenye karatasi.

"Ile?" akasema. "Aah, ile Madam alitumalizia Julai hiyo hiyo. Tena kwa fimbo. Tano ya sita." Akanywa chai. "Ticha, mimi konda. Hesabu ya bosi, mafuta, ya dereva, yangu. Kutwa nzima nagawa. Nisingejua sehemu ningeshafukuzwa."

"Sasa mbona uliniambia hujajibiwa?"

"Nilisema *wewe* hujajibu." Akacheka, akanipiga begani kama mwenzake. "Jumamosi tatu tulikuja, ujue. Shule zimefunguliwa, tukaja na madaftari, tukakaa pale ukutani. Tulijua gari limeharibika. Ya tatu Madam alipita na mboga zake kutoka sokoni, akatukuta, akafungua darasa."

Nikamuuliza Madam yuko wapi siku hizi.

"Alikaa mpaka tunamaliza la saba. Baadaye sijui. Wapo wanaosema barua ilikuja akapangiwa mbali huko, wapo wanaosema aliacha."

"Anaitwa nani kwani?"

Akafikiri. Akamuuliza mwenzake aliyekuwa anaita abiria, naye alisoma palepale. Mwenzake akafikiri.

"Madam," akasema.

Hakuna kati yetu watatu aliyelijua jina lake. Mimi ambaye niliandika majina 63 kwa mkono wangu, na majina ya wanaklabu 25 na saizi zao za fulana.

"Halafu biskuti," konda akaongeza, kama aliyekumbuka kesi ya zamani, "ulikuwa unaanzia mbele. Sisi wa nyuma zilikuwa zinaishia njiani."

Gari lilikuwa linajaa. Nikatoa elfu mbili nikampa, nikamwambia mia sita ni ya leo na mia sita ni ya siku ile. Nilitegemea atakataa. Alizipokea, akachambua sarafu zake, akanirudishia mia nane, akagonga bati. Twende.